Soli Zilizotazama Nyuma

Jumatano, 1 Juni 1977

Kambi ya barabara, Ngaremara. Nimevunja kokoto tangu alfajiri. Kifua kinalia kama mabati yaliyolegea. Nikitema mate, yana rangi ya barabara. Nyundo hii itanimaliza kabla sijaiona Maragoli tena, na watanizika huku kwenye mawe, tena mawe niliyoyavunja mwenyewe!

Lakini leo nimeona njia. Nyapara Obiero alisukuma sahani yake ya maharagwe mpaka ikamwagika, akasema yeye ni mtu wa ziwani na damu yake imeanza kukauka kwa kukosa samaki. Akatangaza mbele yetu wote: atakayemlisha samaki vizuri ndiye atakayerithi kiti cha Mzee Adano, siku mzee huyo akichoka kulinda pampu ya maji. Kiti! Chenye egemeo! Kivulini, kando ya mto, na kazi yenyewe ni kutazama mashine ikinywa maji.

Nikasimama haraka nikasema nimevua samaki tangu utotoni. Uongo mtupu. Kwetu ni milimani, na maji makubwa niliyowahi kuingia ni ya chemchemi, tena yaliniishia magotini. Lokorio naye akasimama. Huyu ni Mturkana, tunagonga mawe bega kwa bega, na hujisifu kwamba kwao Kalokol mtoto hula samaki kabla ya kuota meno. Akaitazama miguu yangu, akasema miguu ya Kegode ni ya kwenye migomba, ikiingia mtoni samaki watakufa kwa kicheko. Kambi nzima ikacheka.

Tangu leo Lokorio ni adui.

Jumamosi, 4 Juni

Nusu siku ya kazi. Mchana nikashuka mtoni na gambuti nilizoazima stoo, ndoano na kipande cha nyama iliyooza.

Mahali pale hapanipendezi. Mikoma imesimama ukingoni bila kutikisika, hata upepo ukivuma. Ndege hawapo. Maji yanapita bila sauti, kama mtu anayepita nyuma ya nyumba za watu. Na mawe ya chini yamevaa utelezi wa kijani, mrefu kama nywele, wote umelala upande mmoja.

Soli za gambuti za stoo zimelika zikawa laini kama ulimi. Jiwe la kwanza nililikanyaga. La pili nililipita kwa mgongo. Gambuti zikajaa maji, nikavutwa kwa miguu, polepole, bila fujo, kama mtu anayekuvua viatu kwa heshima. Nilishika mzizi. Nikatoka nikitambaa.

Lokorio alikuwa ameketi ng'ambo akinitazama, miguu mitupu, kambare kwenye ufito. Akaniuliza kama kwetu tunavua kwa mgongo. Akasema yeye Mungu alimpa soli, mimi nimeazima za stoo.

Jioni nyapara alimla kambare wa Lokorio mpaka macho. Mimi alinitupia mfupa wa shavu kwa huruma. Nimeupokea. Ulikuwa mtamu, bahati mbaya.

Jumapili, 5 Juni

Nimeelewa! Siri si ndoano. Siri ni soli. Nimedandia lori la kampuni mpaka Isiolo, nikamtafuta fundi viatu Gollo kule Bulla Pesa. Salaam aleikum, waleikum salaam. Nikamwambia nataka soli ya kushika jiwe lililo chini ya maji.

Gollo ni Mborana mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akaiinua, akanitazama sana. Akasema ameshona viatu vya mtu wa vidole sita, na vya mtu wa mguu mmoja aliyedai alipe nusu, lakini hajawahi kuona mtu anayeutafutia mto viatu. Ng'ombe akinywa anaondoka, akasema. Mtu naye afanye hivyo hivyo.

Hata hivyo akanifikiria. Mpira mtupu utateleza. Chuma kitashika lakini kitapiga kelele. Kitambaa kinene, kile kilichoshindiliwa kama cha kofia ya pama, kitanyonya utelezi na kushika. Akatoa kofia kuukuu ya pama kutoka chini ya meza. Ya nani? Hajui. Mwenyewe aliileta ishonwe, akaenda mtoni kunawa uso, hakurudi kuichukua. Ni muda mrefu.

Nilisema basi haina mwenyewe. Gollo aliikata kwa mkasi, akaibandika kwa gundi na kuishona pembeni.

Jumanne, 7 Juni

Ushindi! Baada ya kazi, jua bado lipo, nimeingia mtoni na soli za pama. Zinashika jiwe kama mjusi kwenye ukuta. Wala hazina sauti. Nilitembea juu ya mawe yale kama mtu aliyezaliwa humo, na kambare mmoja akanasa.

Kisha nikageuka kutazama nilikotoka. Mchangani hapakuwa na nyayo. Kitambaa hakiachi alama ya mguu. Palikuwa na mburuzo tu, mrefu, laini, kutoka kwenye mikoma mpaka majini, kama kitu kisicho na miguu kilichokuja kunywa. Mwili ulinisisimka. Nilichukua muda kukumbuka kwamba ni mimi.

Natabo alikuwa amefika na debe lake. Yeye ndiye mama anayetupikia chai kambini. Akanisalimu kwa Kiturkana, ejok, kisha akauona mburuzo, akasimama. Akauliza ni nini kimepita. Nikasema mamba. Akasema huyo mamba hana kucha wala mkia. Akachota maji huku akiutazama mto badala ya debe.

Njiani matope yakaivua soli ya kushoto. Nikarudi kuitafuta papo hapo, bado tope limeshika umbo lake. Soli haipo. Ya kulia nimeikausha kwenye moto. Imetoa harufu ya jasho la kichwa cha mtu. Nimeitupa motoni.

Alhamisi, 9 Juni

Soli ya pili: misumari. Nimejifanyia mwenyewe. Nimeipenyeza kutoka ndani, vichwa vikabaki ndani, ncha nje, nikatandika kadibodi. Kadibodi ikalowa. Sasa ninaujua kila msumari kwa jina.

Kwenye mawe laini inashika. Kwenye yale meusi magumu inalia kwa! kwa! mpaka meno yanauma. Samaki wote wamehama. Lakini si hilo. Jana jioni nilipofika katikati ya mto nilisimama nipumzike. Kwa! Mlio ulienda hatua moja zaidi, kisha nao ukasimama.

Nikapiga hatua. Ukapiga. Nikasimama. Ukamaliza wake.

Nilitoka mtoni kwa njia nisiyoikumbuka.

Nilimvamia Lokorio kambini nikamwambia aache upuzi wake wa kugonga mawe ng'ambo. Akashangaa. Tangu mchana yuko kwa nyapara anashona turubai, kila mtu amemwona. Kisha akaanza kutabasamu. Akaenda mtoni kutazama, akarudi akicheka mpaka akakaa chini. Akawaeleza watu yote niliyoyafanya, kama aliyekuwepo: hapa Kegode ameketi, hapa amekuna mguu wa kushoto, hapa ameruka kama mbuzi aliyeona nyoka. "Ulikuwa unamkimbia nani, ndugu yangu? Nyayo zako zimelia mama!"

Huku watu wanasoma ardhi. Mtoto wa kuchunga anamjua ng'ombe wa jirani kwa kwato tu. Mashimo ya misumari yangu yamempeleka Lokorio moja kwa moja kwenye kidimbwi changu, mahali pa kina nilipompata yule kambare. Asubuhi hii amevua hapo. Nyapara amemwita "mwanangu".

Mwanangu! Kiti kinaondoka hivyo.

Jumapili, 12 Juni

Nimelala siku mbili nikikohoa, na katikati ya kukohoa akili ikafunguka. Adui yangu anasoma. Basi nimwandikie uongo!

Nikaenda tena kwa Gollo. Nikamwambia anikatie soli za tairi la lori, lenye mistari mirefu, zishike jiwe na tope vyote. Akafurahi. Hiyo ndiyo soli ya mtu mwenye akili, akasema, angalau umefika. Kisha nikamwambia azigeuze. Kisigino kikae mbele, ncha ya vidole ikae nyuma.

Mkono wake ukasimama hewani na nyundo.

Nilimweleza. Nikienda mtoni, nyayo zitaonyesha mtu anayetoka mtoni. Nikirudi nitapita juu ya mawe, nisiache alama. Lokorio atafuata nyayo zangu mpaka kambini, aingie chooni, apotelee huko! Gollo hakucheka. Akauliza kama nimefikiria watu watasoma nini pale mtoni. Nikamwambia watasoma ninachotaka.

Alizipigilia akitaja jina la Mungu kwa kila msumari. Kisu chake kiliteleza kikakata pengo kwenye ukingo wa soli ya kulia. Aliniomba nisizivae mpaka nivuke barabara. Hataki nyayo hizo mlangoni pake. Nikamwambia wazee wana mambo. Akasema ndiyo, ndiyo maana wamezeeka.

Jumatano, 15 Juni

Zinashika! Jiwe, tope, mchanga, vyote. Nimeingia katikati kabisa ya kidimbwi kipya, juu kidogo ya pampu, na kambare wamekuja wanene kama mapaja. Lokorio alizunguka ukingoni akitazama chini, akakuna kichwa, akarudi mikono mitupu.

Nyapara amekula akafunga macho. Amesema samaki huyu amemkumbusha marehemu nyanya yake. Kisha akauliza jina langu kamili.

Ijumaa, 17 Juni

Leo wamezisoma.

Natabo alianza. Alikuwa anakwenda kuchota maji, akachuchumaa njiani, akaita wengine. Tulipofika alikuwa amekiweka kidole chake kwenye alama moja, akakiondoa, akakipangusa kwenye nguo. Akasema huyu ametoka majini. Wakauliza aliingilia wapi. Wakatafuta. Hakuna alipoingilia. Walitafuta kingo zote mbili. Ametoka tu, tena zaidi ya mara moja, na kila mara anakuja kambini.

Kisha akasema lililo baya zaidi. Kisigino hakina uzito. Mtu akitembea hutua na kisigino, ardhi ikabonyea. Huyu amebonyeza kwenye vidole, kisigino kimegusa tu. "Mwili wake unaangalia kule," akasema Natabo, akaonyesha mto. "Miguu yake inaangalia huku, kwetu."

Nilisikia baridi ikipanda mgongoni, nikautazama mto kwa hofu ya kweli, na midomo yangu ikaanza kusali. Nilipokumbuka kwamba ni mimi, sala ilikuwa imefika katikati. Nikaimalizia tu.

Lokorio hakucheka. Amehamisha mkeka wake mpaka upande wa pili wa kambi, karibu na matingatinga. Nilimwuliza kama anaogopa viatu. Akanijibu kwa upole, na huo ndio ulionitisha: "Kegode, mimi siogopi viatu. Naogopa anayevaa."

Jumatatu, 20 Juni

Mzee Adano ameondoka. Alisema amekaa pale pamoja na simba na ndovu na hakulalamika, lakini hawezi kukaa na kitu kinachokwenda huku kikirudi. Akaiambia pampu kwaheri kama mtu, akachukua fimbo yake, akashika njia ya Leparua kwa binti yake.

Nyapara alituita mstarini. Nani atakaa kwenye kiti? Watu walitazama vidole vyao. Maji yakikosekana barabara inasimama, na barabara ikisimama nyapara anafukuzwa. Alikuwa anatoka jasho.

Nikatoka mbele.

Nyapara alinishika bega mbele ya kila mtu akasema mvuvi wa kweli haogopi maji. Nyundo yangu amepewa mwingine! Kifua changu kimepona papo hapo. Kisha nyapara akaongeza kwamba kama kuna mpumbavu anayechezea nyayo kule mtoni, akimpata atamvunjisha mawe mpaka Moyale. Niliitikia kwa sauti kuliko wote.

Jioni nimezificha gambuti. Nimezitia kwenye gunia na mawe, nimelifunga kwa fundo la kwetu, nimelizamisha kwenye kidimbwi. Akili! Nani atakwenda kutafuta humo?

Jumatano, 22 Juni

Kiti ni kizuri. Asubuhi nililala kidogo.

Mchana kila kitu kilinyamaza. Jua la huku likifika utosini vivuli vinaisha, na mikoma inakuwa kama imechorwa. Pampu ilikohoa ikazima. Niliinuka kuiwasha, nikasikia mchanga nyuma ya kiti ukitoa sauti ndogo, kama unga unaposhindiliwa kwenye debe. Nikageuka. Hakuna mtu.

Nyayo zilikuwepo. Mbichi, zinavuja maji. Mstari mmoja tu kati ya kiti changu na mto. Mistari ya tairi. Pengo kwenye ukingo wa soli ya kulia.

Vidole vimeelekea mtoni. Basi ameingia majini, nikajiambia, amekwenda zake. Kisha nikakumbuka soli zile zimegeuzwa. Basi ametoka! Ametoka akafika nyuma ya kiti changu, na kutoka hapo hakuna alama nyingine. Nimekaa nikilifikiria hilo mpaka kichwa kimeuma. Ama ameingia na mimi sikumwona akipita, ama ametoka na mimi simwoni alipo.

Natabo alifika na debe lakini hakukaribia. Alisoma akiwa mbali, shingo imenyooka. Akaniuliza ni nani alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikasema hakuna. Akasema alisimama sana, mchanga umedidimia. Nikamwuliza, huku nikijaribu kucheka, uzito uko wapi safari hii, kisiginoni au vidoleni.

Alitazama tena. Uko sawasawa pote, akasema. Kama mtungi uliojaa maji ukiwekwa chini.

Alirudi na debe tupu.

Ijumaa, 24 Juni

Ni Lokorio! Lazima ni Lokorio. Amelipata gunia, ananilipizia. Nilikwenda machimboni nikamkuta amebeba mawe, mkono umefungwa kitambaa. Wenzake wanasema hajatoka hapo tangu Jumatatu. Akaniuliza kiti kikoje. Akaniambia nimekonda usoni, nirudi kwenye kokoto, atanigawia upande wenye kivuli. Maneno ya adui! Anakitaka kiti.

Nikaenda kidimbwini na ufito wenye ndoano, nikalivuta gunia. Lilikuja zito. Fundo ni langu, la kwetu, halijaguswa. Nililikata kwa kisu. Mawe yangu yote yamo. Gambuti hazimo.

Nilikaa ukingoni. Nilifikiri nimwendee nyapara, nimweleze yote: ni mimi, nyayo zilikuwa zangu, hizi za sasa si zangu. Angeleta watu, wangeukagua mto, Natabo angechota maji kwa amani. Kisha angenipa nyundo. Nililikumbuka jiwe la kwanza la asubuhi, jinsi linavyopanda mkononi mpaka kwenye jino. Nikakohoa kidogo kwa kukumbuka.

Nyapara alipita jioni akiwa ndani ya gari, kioo kimefungwa. Akauliza kupitia kioo kama kuna habari. Nikamwambia salama kabisa.

Nimekisogeza kiti, egemeo limegusa ukuta wa pampu. Sasa hakuna nafasi ya mtu kusimama nyuma.

Jumamosi, 25 Juni

Ukutani, juu ya egemeo, usawa wa kichwa changu, pana alama mbili za maji. Za soli. Nimezipangusa kwa kofia.

Nyapara amenikumbusha kwamba leo ni siku ya samaki.

Jumapili, 26 Juni

Bulla Pesa. Nimemkuta Gollo akila mchana wake, nikamwekea gambuti nyingine za stoo mezani. Nikamweleza kila kitu, yeye peke yake. Aliacha kula. Akasema dawa ni moja tu: nirudi kwa nyapara, niseme kweli, nishike nyundo, nisitie tena mguu kwenye mto ule, wala wa kiatu wala mtupu. Akasema kokoto haijawahi kumfuata mtu nyumbani.

Nilimshukuru kwa heshima. Ni mzee mwema, lakini hajawahi kukaa kwenye kiti kile.

Nikamwonyesha ninachotaka. Tairi lile lile, linashika vizuri. Soli ya kushoto itazame mbele. Ya kulia itazame nyuma. Chochote kinachonifuata kitasimama hapo hapo mchangani, hakitajua kama nakwenda au narudi.

Gollo alivua miwani. Akaniuliza kama kweli zile za kwanza hazikunifunza kitu.

Zimenifunza sana, nikamwambia. Kosa lilikuwa kugeuza zote mbili.